Mama Chapa na Barua Iliyonyooka

"Barua feki ya kunidanganya mimi bado haijachapwa!"

Shangazi yangu aliyatamka maneno hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya mkutano wa mtaa, saa kumi alasiri, amevaa lile gauni lake la mikutano lenye vifungo mpaka shingoni. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa natafuna karanga.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametuita kwa sababu ya vijana watatu waliolipa pesa ili wapate kazi ya ulinzi kwenye kampuni ambayo haikuwepo popote duniani. Alituambia tuwe macho. Alirudia mara nne kwamba tuwe macho, bila kutuambia hayo macho yaangalie wapi. Ndipo Shangazi alipomnyang'anya kipaza sauti. Kwa adabu, lakini alimnyang'anya.

"Jamani, nimechapa barua za ofisini miaka kumi na tisa," alisema. "Barua naijua kama mnavyowajua watoto wenu. Ukipata barua ya kazi usimwulize shemeji yako, wala usiipeleke kijiweni. Niletee mimi. Nitaiangalia, na sitaki hata senti."

Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akapiga pia, maana kipaza sauti kilikuwa bado hakijarudi. Kesho yake kwenye mlango wa duka la Shangazi kulikuwa na tangazo jipya, limepigwa nailoni, linaning'inia kwa uzi: BARUA ZA KAZI HUHAKIKIWA HAPA. BURE.

Mtaa mzima unamwita Mama Chapa. Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama baraza: kompyuta moja yenye feni inayokoroma, mashine ya kutoa nakala, rafu ya bahasha, na pembeni, juu ya kimeza chake peke yake, taipureta ya zamani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Haichapi tangu sijazaliwa. Lakini jaribu kuweka kikombe juu yake, utajua jina la babu yako mzaa bibi.

Baraza letu lina watu watatu. Mlangoni ni Shangazi. Katikati ni Fundi Cherehani. Mwisho, karibu na mtaro, ni mimi na meza yangu ya kutengeneza simu. Diploma niliiacha mwaka wa pili, ada ilipogoma, na kwa sababu hiyo Shangazi huniita Nusu. Ananiita hivyo hata mbele ya wateja, kisha anashangaa kwa nini wanaomba nipunguze bei.

Kuna jambo moja la Shangazi inabidi nilieleze sasa hivi, maana bila hilo mtamwona mjinga, na mjinga siye. Shangazi hasomi anachochapa. Huo ndio ufundi aliofunzwa akiwa msichana, na anaujivunia kuliko cheti chake cha ndoa. Ofisini kulikuwa na siri: nani anahamishwa, nani anafukuzwa, nani ameiba. Mchapaji mzuri alikuwa yule ambaye barua inapita machoni na kutokea vidoleni bila kugusa kichwa. "Macho yanapita, hayaingii," husema. Aliwahi kuchapa orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa, jina lake mwenyewe likiwa la kumi na moja, na alichokiona ni kwamba jina la tisa lilikuwa limekosewa herufi. Alilirekebisha, akaipeleka orodha kwa mkubwa, akarudi kunywa chai. Habari ya kupunguzwa aliipata ubaoni, siku tatu baadaye, pamoja na wenzake.

Hadithi hiyo huisimulia akicheka. Na sisi tulikuwa tunacheka.

Basi, watu walianza kuleta barua. Shangazi alikuwa na taratibu zake. Kwanza huinyanyua barua mbali na uso, mkono umenyooka, anaitazama umbo tu, kama mtu anayepima pazia. Halafu anachukua rula ya plastiki anapima nafasi ya pembeni. Halafu kumbukumbu namba, tarehe, anwani, kichwa cha habari, sahihi, mhuri. Zilizokaa hovyo alizitupa mezani: "Hii imepinda." Zilizokaa sawa alizisifu: "Hii imenyooka," kisha anaweka alama ya vema kwa penseli kwenye kona ya juu, na tarehe ndogo chini yake. Nakiri kwamba nyingi alizozikataa zilikuwa za matapeli kweli. Matapeli wengi ni wavivu. Mmoja aliandika jina la kampuni kwa namna tatu tofauti kwenye ukurasa mmoja. Shangazi aliibandika hiyo ukutani, tukawa tunaitumia kuchekesha wageni.

Alipokuja Fundi, hatukuwa na wasiwasi wowote.

Fundi ni mtu wa maneno machache, sehemu kwa tabia, sehemu kwa sababu muda mwingi ana pini mdomoni. Miaka arobaini na mitano, mke mmoja, mabinti watatu, macho yaliyoanza kuchoka kwa kutunga uzi. Alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ni cherehani ya kawaida ya kukanyaga. Ya pili ilikuwa ovaloki, ile ya kufunga pindo ili nyuzi zisichomoke, na hiyo ndiyo iliyomfanya apate oda za sare za shule. Kila jioni aliifunika ovaloki kwanza, cherehani baadaye. Ukitaka kujua mtu anapenda nini, angalia anafunika nini kwanza.

Asubuhi hiyo alikuja ameishika simu yake kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi mpaka ukingoni.

"Dada, nitolee hii kwenye karatasi," alimwambia Shangazi. "Na uniangalizie."

Shangazi akaitoa. Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto. Akainyanyua mbali, mkono umenyooka. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Mh," alisema.

"Mbaya?" Fundi aliuliza.

"Ngoja kwanza." Akachukua rula. Akapima kushoto, akapima kulia. Akapitisha kidole kwenye kumbukumbu namba, kwenye kichwa cha habari kilichopigwa mstari, mpaka chini ya sahihi ambako paliandikwa *Nakala: Jalada*. Akavua miwani. "Fundi, sijaona barua kama hii tangu nitoke ofisini. Hii imenyooka. Huyu karani wao amefunzwa na watu."

Nilikuja kuchungulia juu ya bega la Fundi. Barua ilitoka kwenye kiwanda cha sare, mji mwingine, safari ya siku nzima. Walimteua kuwa Msimamizi wa Ushonaji. Mshahara ulikuwa mara nne ya tunachopata baraza zima tukichanganya, na nyumba juu. Aya ya nne ilisema alipe laki tatu na themanini za vipimo vya afya, sare na kitambulisho, zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa saa kumi. Aya ya tano ilimwomba asifike ofisini kabla ya siku ya kuripoti, kwa kuwa jengo lilikuwa kwenye ukarabati.

"Fundi, hii kazi uliiomba lini?" nikauliza.

"Sikuomba. Wanasema walipata sifa zangu kwa watu."

"Watu gani? Watu wako ni mimi, na sijawahi kukusifu."

Mteja aliyekuwa akisubiri kupimwa suruali akacheka. Fundi naye akatabasamu kidogo.

"Na walikusaili wapi?"

"Kwenye simu. Dakika tano hivi. Mtu mwenye heshima kwelikweli. Alinipa pole ya kazi kabla hajajitambulisha."

"Na wanataka hela kabla hata hujagusa uzi wao?"

Hapo Shangazi akaingilia. "Nusu, soma vizuri. 'Gharama hizo zitarejeshwa kwa mwajiriwa pamoja na mshahara wa mwezi wa kwanza.' Unaona? Tapeli hawezi kuandika hivyo. Tapeli anaandika 'tuma haraka'."

"Kwa hiyo, Shangazi, tapeli akienda shule anaacha kuwa tapeli?"

"Wewe uliyeiacha shule katikati ya sentensi ndiye wa kunifundisha barua?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ilikuwa ya kuchekesha, na mimi kitu cha kuchekesha kikinipita nasimama nakipigia saluti. Nikarudi kwenye meza yangu, nikashika bisibisi. Swali langu niliondoka nalo. Sikulirudia siku hiyo, wala kesho yake, wala siku nyingine yoyote kabla ya Ijumaa. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka kama nilijua. Nilijua. Ila nilikuwa nimeshachekwa mara moja, na sikutaka ya pili.

Shangazi akaweka vema kwenye kona, kwa penseli, na tarehe chini yake. Kisha akaiingiza barua kwenye jalada la plastiki ili isikunjike, akampa Fundi bure.

Mkewe Fundi, nilivyokuja kuambiwa, alimuuliza maswali yaleyale niliyouliza mimi, tena kwa ukali zaidi. Fundi akamwonyesha ile vema. "Mama Chapa ameipitisha," alimwambia. Nani angebishana na mtu aliyemnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti?

Ovaloki ilinunuliwa na fundi mwingine, mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Alikuja na mkokoteni. Fundi aliipaka mafuta, akaifuta, akamwonyesha yule mama mahali ambapo uzi hupenda kukwama na jinsi ya kuubembeleza utoke. Alimwonyesha mara mbili. Mkokoteni ulipoondoka alibaki amesimama na kitambaa cha kufutia mkononi, anafuta hewa.

Alituma pesa Alhamisi. Akarudisha vitambaa vya watu, akawaaga wateja, akanipa mimi kiti chake cha mbao. Jumapili alipanda basi la alfajiri na begi moja, mkasi wake umeviringishwa kwenye taulo. Shangazi alitoka kumuaga amevaa gauni la mikutano.

Siku ya nne, asubuhi, nilifika barazani nikamkuta Fundi amekaa mahali pake, kwenye ndoo aliyoigeuza, kwa sababu kiti nilikuwa nacho mimi.

Nilinyanyuka. Nikakirudisha kiti bila utani hata mmoja, na wanaonijua wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Alitusimulia kwa sauti ndogo, huku akinyoosha futi yake ya kupimia mapajani. Mahali palipotajwa kwenye barua alipafikia. Palikuwa na geti la bati, na ndani wanauza saruji. Mlinzi hata hakushangaa. Alimwambia, "Kaka, wewe ni wa sita wiki hii. Wa jana alikuja na godoro." Ile namba ya simu ilikuwa haipatikani tangu Ijumaa jioni.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Fundi," alisema. "Fundi, mimi..."

"Usijitese, dada," Fundi alisema. "Barua ilikuwa imenyooka."

Alisema bila kejeli hata chembe. Afadhali angemtukana.

Watu hawana huruma, na mimi nikiwa mmojawapo nasema kwa uhakika. Wiki ileile Fundi akapewa jina: Msimamizi. "Msimamizi, nipunguzie suruali hapa." "Msimamizi, kiwanda kimefungua?" Alikuwa anaitikia. Sare alizoshona alizikunja akazipeleka mtaa wa nyuma kwa yule mama, zikapigwe ovaloki na mashine aliyokuwa akiifunika mwenyewe kila jioni, na kila pindo analilipia. Nilimwona siku moja akirudi na furushi, akipita nyuma ya nyumba ili asionekane na walio kijiweni.

Shangazi naye akaanza kupita nyuma. Tangazo hakuliondoa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akiliondoa watu wataona limeondolewa. Kwa hiyo likabaki linaning'inia, na ukija upepo lilikuwa linageuka upande usio na maandishi. Yeye alikuwa analiacha hivyohivyo.

Ilipita miezi miwili.

Halafu akaja dada mmoja, mfuaji wa mashuka hospitalini, mikono imekunjamana kwa sabuni. Alikuwa na barua kwenye simu, hakutujua, alikuwa ameona tangazo tu. Shangazi alitaka kumkatalia, nilimwona. Lakini tangazo lilisema bure, na dada alishafika. Akaitoa kwenye karatasi. Akainyanyua mbali, mkono umenyooka.

Mkono ukabaki hewani.

"Nusu," aliita. "Njoo hapa."

Sauti yake haikuwa ya kuniita kutania. Nikaja.

"Nitolee ile ya Fundi. Bado imo kwenye mashine."

Niliitoa. Akaziweka mbili sambamba, na mahali alipoziweka ni juu ya taipureta, juu ya kitambaa cheupe. Kampuni moja ni ya sare, nyingine ni hoteli. Mji tofauti, mhuri tofauti, sahihi tofauti. Lakini nafasi za pembeni zilikuwa sawa, mstari chini ya kichwa ulikuwa uleule, "zitarejeshwa kwa mwajiriwa" ilikuwa ileile, na chini kabisa, zote mbili: *Nakala: Jalada*.

"Loh," nilisema. "Matapeli wawili na karani mmoja. Na huyo karani ni wa enzi zako, Shangazi. Nani siku hizi anaandika 'Nakala: Jalada'? Jalada lenyewe limeshasahau kama lipo. Hapa mtaani anayeandika hivyo ni wewe peke yako."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Shangazi alikuwa amemgeukia yule dada. "Mwanangu, umeshalipa?"

"Bado. Natoka hapa naenda kutuma."

"Usitume. Kazi hii uliiomba?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekaa na wewe uso kwa uso akakuuliza kazi unaijua vipi?"

"Walinipigia tu."

"Hii namba ni ya ofisi au ya mtu? Umejaribu kuitafuta hoteli yenyewe kwa namba nyingine, ukawauliza kama wanakujua?"

Dada akatikisa kichwa. Uso ulikuwa umeanza kumsawijika.

"Sikiliza," Shangazi alisema. "Barua inayokudai hela ili ikupe kazi, usiangalie hata ilivyopangwa. Hata ikiwa nzuri vipi. Hasa ikiwa nzuri. Nenda kazini kwako, mwanangu. Ukiwa na shaka, panda wewe mwenyewe uende hotelini ukaulize mlangoni. Nauli ya kuuliza ni ndogo."

Sikuwahi kumsikia akiiuliza barua yoyote maswali hayo. Yalikuwa ni yale yangu, niliyoyaangusha barazani siku ile, na yeye alikuwa ameyaokota bila mimi kujua.

Dada alipoondoka Shangazi akafunga mlango. Saa tano asubuhi. Duka lile halijawahi kufungwa saa tano, hata siku aliyofariki mumewe lilifungwa saa saba.

"Tafuta kwenye mashine," aliniambia.

"Nitafute nini?"

"Unajua."

Nikakaa. Feni ilikoroma. Nikaandika "jalada", zikaja barua mia nne na kitu, maana anaweka jalada hata kwenye mialiko ya harusi. Nikaandika "zitarejeshwa kwa mwajiriwa". Ikaja moja. Jina la faili: *barua ya mstaarabu*.

Nikaifungua. Mahali pa jina la kampuni palikuwa na nukta. Mahali pa jina la mwajiriwa, nukta. Kiasi cha pesa, nukta. Mengine yote yalikuwa yamekamilika, mpaka nafasi baada ya koma. Nikaangalia tarehe. Ilichapwa wiki sita kabla ya ule mkutano wa mtaa.

Hapo ndipo tulipomkumbuka, wote wawili, kwa pamoja. Mwanaume wa makamo, viatu vinang'aa, shati limeingizwa vizuri. Alikuja na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono. Alimwita Shangazi "mama" na akasimama mpaka alipokaribishwa kiti, na Shangazi akasema baada ya hapo, "Mnaona mtu mstaarabu?" Alisema wamefungua ofisi ya kutafutia watu ajira, hawana karani anayejua barua kama wakubwa wa zamani. Shangazi aliposikia "wakubwa wa zamani" alikunja mikono ya gauni. Alimpangia barua kama anayemvalisha bwana harusi. Karatasi ya daftari ilikuwa imeandikwa "mtu alipe kwanza hela ya vipimo." Na Shangazi alisema, namsikia mpaka leo, "Hapana baba, barua ya ofisi haisemi hivyo," akachapa ile sentensi ndefu ya kurejeshwa pamoja na mshahara. Yule bwana akaisoma, akapiga paja. "Hapo mama umenimaliza!"

Na mimi? Mimi nilimuuzia chaja. Nikamtania kwamba kwa viatu vile asikanyage mtaro. Alicheka vizuri sana, meno yote.

Shangazi aliitazama skrini. Aliisoma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona anasoma kitu alichokichapa yeye mwenyewe, kutoka juu mpaka chini, midomo ikitembea.

"Nilichapa," alisema. "Sikusoma."

Nikamwambia jambo ambalo sitaki kuliandika, ila nimeshaandika mengine yote. Nilimwambia, "Shangazi, tufute. Nabonyeza hapa mara moja tu. Nani atajua?"

Alinigeukia taratibu. Nilisubiri anitukane. "Wewe utajua," alisema. "Na wewe ninavyokujua, utanitania nayo mpaka siku ya kunizika."

Ilikuwa kweli, na hatukucheka.

"Toa nakala mbili," aliongeza. "Moja ya polisi. Moja ya Fundi."

Kutoka mlango wa Shangazi mpaka cherehani ya Fundi ni hatua tisa. Nimezihesabu. Siku hiyo zilimchukua mpaka saa tisa mchana. Mara ya kwanza alitoka, akafika hatua ya tano, akamuuliza Fundi saa ngapi, ilhali yeye mwenyewe ana saa mkononi. Mara ya pili alimpelekea kipande cha chaki ambacho Fundi hakukiomba. Fundi alikipokea, akashukuru, akakitia mfukoni. Mara ya tatu alitoka na karatasi ameificha kwenye mkunjo wa khanga, akasimama mbele yake, akabaki amesimama.

Mimi nilikuwa nimefungua simu ya mtu vipande vyote, na nilikuwa sioni hata skrubu moja.

"Fundi," alisema. "Acha kushona kidogo."

Fundi akaacha kukanyaga. Alikuwa na pini mdomoni. Shangazi akampa karatasi. Aliisoma kwa utulivu, akafika kwenye nukta, akanyanyua macho, akarudi tena juu. Kisha akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, anazichoma kwenye kijimto chake cha pini. Zilikuwa saba.

"Hii ni ile yangu," alisema. "Lakini haina jina."

"Haikuwa na jina bado. Ndivyo ilivyotoka dukani kwangu."

Fundi hakuelewa. Nilimwona hakuelewa, na nilimwona Shangazi akitambua kwamba itabidi alitamke tena, kwa maneno ya wazi zaidi.

"Niliichapa mimi. Yule tapeli alikuja hapa, akakaa kwenye kiti changu, nikampangia. Ile sentensi ya kurejeshewa pesa, iliyokufanya uamini, ni yangu. Yeye hakuijua. Nilimfundisha mimi. Halafu wewe ukaniletea, nikaisifu. Nilikuwa najisifu mwenyewe, Fundi. Nikakuwekea na vema."

Gari la maji lilipita barabarani, kelele zikajaa barazani, tukasubiri lote lipite.

"Kesho naipeleka polisi," Shangazi alisema. "Jina langu ndilo nitakaloliandika kwanza, juu ya lake. Na mtaani nitasema mwenyewe, kwa mdomo huuhuu. Ovaloki nitairudisha. Sijui lini, ila nitairudisha."

Fundi aliikunja karatasi mara moja, halafu akaikunjua, akailaza juu ya meza ya cherehani, akailainisha kwa kiganja kama anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa nayo, Shangazi angejua mahali pa kushika. Alikuwa na uso wa mtu anayepima kitu kwa macho na vipimo havikubali.

"Dada, huyo mtu alikulipa?"

"Alinilipa."

"Shilingi ngapi?"

Shangazi aligeuka akaangalia mlangoni kwake. Tangazo lilikuwa limegeuzwa na upepo, likawa linatuonyesha maandishi.

"Elfu tatu," alisema. "Pamoja na bahasha."